FURAHA ZA KILA SIKU
Somo: Mhubiri 9:1–10

Mjane mmoja alinijia akiwa na moyo mzito. Asubuhi ile mjukuu wake alijipaka uji uso mzima, naye bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajihukumu: mume hajatimiza miezi mitatu kaburini, nami nacheka! Je, ni dhambi?

Tulifungua Mhubiri. Huyu ndiye asemaye kwamba yote ni ubatili, wala hafichi habari za kifo. Katika mlango wa 9, mstari wa 5, anazungumza juu ya wafu. Mistari miwili tu mbele yake atuamuru twende tukale na kuchangamka. Hangoji huzuni iishe kwanza. (Wengi wetu twangoja: deni lilipwe, mvua inyeshe, mtoto apate kazi.) Tena katika 3:13 aonyesha kwamba furaha hiyo yatoka kwa Mungu.

Basi nikamwambia, “Mama, kicheko kile hukumwibia marehemu. Ulipewa. Apewaye hushukuru.”

Tukasali pamoja. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na mjukuu mgongoni, angali katika nguo zake za msiba.