Milimita 9 au .45? Vidokezo kwa Askari na Wapenda Shabaha

Mkalishe askari mstaafu na mkulima mwenye leseni ya bastola kwenye meza moja ya chai, Naitiri au Kitale, na ubishi wa risasi utaanza kabla birika halijaisha. Msimamo wangu nautoa mapema: anayefanya mazoezi mara kwa mara kwa risasi anayoimudu bei humshinda mwenye risasi kubwa anayoionea uchungu kuifyatua.

1. Pima teke, usiangalie unene peke yake.
Kichwa cha risasi ya kawaida ya milimita 9 kina gramu 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 360 kwa sekunde. Cha .45 ni kizito, karibu gramu 15, ila huenda polepole, mita 255 hivi. Piga hesabu: nishati zao hukaribiana, takriban juli 500 kila moja. Tofauti utaisikia mkononi, kwa sababu .45 hupiga teke kwa karibu theluthi zaidi, na kulenga tena kwa risasi ya pili hukawia.

2. Soma yaliyowapata FBI.
Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maajenti wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki. Risasi ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja mapema, ikaishia karibu na moyo bila kuufikia, naye akaendelea kufyatua. Maajenti wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Lawama ikaangukia risasi. FBI ikahamia milimita 10, kisha .40 iliyoingia sokoni 1990, na maajenti wengi wakasumbuliwa na teke. Kufikia 2015 shirika hilo lilikuwa limeamua kurudi kwa milimita 9: vichwa vya risasi vimeboreshwa, na maajenti wengi hulenga vyema na haraka zaidi wakiitumia. Karibu miaka 30 ya ubishi, na jibu likawa risasi ambayo Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa karne ya 20.

3. Uliza inatengenezwa wapi.
Hapa jirani yetu, Eldoret, kuna Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika la serikali lililoanzishwa 1997 chini ya Wizara ya Ulinzi. Miongoni mwa risasi inazotengeneza ni za milimita 9. Polisi akitaka .45, lazima iagizwe ng'ambo kwa dola, isafirishwe kwa meli, ipitie forodha. Kwangu mimi, ubishi wa bei kwa upande wa polisi unaishia hapo.

4. Mwanafunzi aanze na .22.
Kichwa chake ni gramu 2.6 tu na baruti yake kidogo, ndiyo maana bei iko chini. Mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki hutumia hiyo hiyo. Usiitegemee kwa ulinzi, kwani kiwashio kimo kwenye ukingo wa ganda na hugoma mara nyingi kuliko kilichokaa katikati.

5. Tenga risasi za mazoezi na za kazi.
Zilizofunikwa shaba kichwa kizima ni nafuu. Zipeleke uwanja wa shabaha. Zenye tundu mbele ni ghali, lakini hupanuka zikigonga mwili na mara nyingi hubaki humo. Hebu fikiria siku ya soko Naitiri: risasi ikimpita jambazi, nyuma yake kuna mama anayeuza nyanya na kijana wa bodaboda anayesubiri abiria. Hawa ndio wa kufikiriwa kwanza, na gharama ya ziada ni halali yao.

6. Soma cheti chako.
Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kuwa na risasi bila cheti. Kujaza maganda upya nyumbani ili kuokoa pesa? Usijaribu. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa.

7. Makamanda, hiki ni chenu.
Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari atumie bunduki pale tu njia nyingine hazitoshi, na kwa malengo kama kuokoa maisha. Uamuzi huo hufanywa kwa sekunde chache, na mkono usiozoea hukosa. Bajeti ikifika mezani, ongezeni risasi za mazoezi kabla ya kuagiza bastola mpya.