SOMO LA AFYA: NGIRI YA SAKAFU YA NYONGA KWA WANAWAKE WATU WAZIMA

Wapo akina mama watu wazima wanaohisi uzito sehemu za siri, au wanaoona uvimbe laini ukijitokeza ukeni ifikapo jioni na kurudi ndani wanapolala. Wengi huificha hali hiyo hata kwa binti zao, wakidhani kuwa ndiyo uzee wenyewe. Wananchi wanaarifiwa kuwa hayo ni maradhi, na yana tiba.

Chanzo
Sakafu ya nyonga ni misuli na kano zinazobeba kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi na utumbo. Hulegea kwa sababu ya kuzaa mara nyingi, kupungua kwa homoni baada ya hedhi kukoma, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na kunyanyua mizigo mizito. Kibofu kikishuka, husukuma ukuta wa mbele wa uke; puru husukuma ukuta wa nyuma. Utumbo mwembamba unapoteremka baina ya uke na puru, hiyo ndiyo ngiri hasa, nayo huweza kumpata hata aliyekwisha kutolewa mfuko wa uzazi.

Matibabu
Hali ikiwa nyepesi, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga au pete maalumu ya kuvaliwa ukeni huweza kutosha. Ikizidi, daktari hufanya upasuaji: huurudisha utumbo mahali pake, huufunga mfuko wa ngiri, huzikaza kuta za uke kwa nyuzi, na kuifunga sehemu ya juu ya uke kwenye kano za nyonga au mfupa wa chini ya mgongo. Kwa bibi dhaifu asiyehitaji tena tendo la ndoa, uke huweza kufungwa kwa upasuaji mfupi zaidi, kwa ridhaa yake mwenyewe. Nyavu zilizokuwa zikiwekwa kupitia ukeni kwa ajili ya maradhi haya zilisimamishwa kuuzwa nchini Marekani mwezi wa Aprili 2019, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

Baada ya upasuaji
Kwa muda wa wiki 6 hivi mgonjwa asinyanyue ndoo ya maji wala mzigo wa kuni. Jamaa wa nyumbani wanawajibika kumpokea kazi hizo, kwani ngiri huweza kurudi.

Anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma, au anayeshindwa kukojoa, afike hospitali bila ya kuchelewa.