Motokari ya Zamani Ikichemsha Maji

Ndugu, ukiona mvuke mbele ya motokari, usikimbilie kumwaga maji. Moto ule ni alama tu, kama homa mwilini. Tafuta kwanza ugonjwa.

Tutazame Ford T, iliyotengenezwa Marekani toka 1908 mpaka 1927. Karibu zote hazina pampu ya maji. Maji ya moto yanapanda, yanaingia radiata, yanapoa, yanashuka na kurudi katika injini. Yakipunguka chini ya mdomo wa bomba la juu, safari yao inakatika.

Basi zima injini, ngoja ipoe, ndipo ufungue kifuniko. Mvuke unaunguza uso, na maji ya baridi yanaweza kupasua chuma cha moto. Kisha uliza hivi:

1. Maji yamepunguka? Ongeza, tafuta panapovuja.
2. Mkanda wa feni umelegea? Ukaze.
3. Radiata ina udongo na wadudu mbele? Safisha. Washa injini ipate moto kidogo, zima, gusa radiata: palipo baridi katikati ya pa moto, pameziba ndani.
4. Mkono wa cheche, kushoto chini ya usukani, umeachwa juu? Cheche inachelewa, injini inaungua. Unapokwenda, ushushe.

Mwenye kuongeza maji tu, kesho ataongeza tena, mpaka siku injini inakufa.