Jimny ya Umoja: Fanya Hili, Acha Lile

Kabla hujatoa shilingi, andika kwenye karatasi njia ambazo gari lako hupita kweli. Jimny ya Umoja, Nairobi, hutoka Innercore, ikabanana na matatu pale Mutindwa, ikaingia Outer Ring na kusimama kwenye foleni. Jumamosi hushika barabara ya Kangundo kwenda kuangalia ploti Kamulu au Joska, na huko mvua ya Aprili ikishanyesha, ukiacha lami tu unapokewa na udongo mweusi unaonata. Mara mojamoja hufika Tala na kupita hadi Kilimambogo. Basi. Gari lako linaishi mjini. Porini linatembelea tu. Mashindano ya porini ya Rhino Charge, yanayofanyika tangu 1989, yana magari yake, na mengi yamefumuliwa yakaundwa upya. Usipeleke picha zake kwa fundi.

Maagizo haya ni ya Jimny ya lita 1.3, ile iliyotoka 1998 na kudumu hadi 2018. Mwenye gari jingine dogo la aina hiyo atachukua yanayomfaa.

Usizidishe saizi ya tairi. Tairi lake la kiwandani ni 205/70R15, lenye kipenyo cha sentimita 67 hivi. Ukienda 215/75R15 unapata karibu sentimita 70, na hapo ndipo pa kukomea. Wanaokushawishi uvae 235/75R15, sentimita 73, hawakuambii hesabu yote. Kwanza, ongezeko la kipenyo huinua dif kwa nusu yake tu, kwa hiyo kelele yote hiyo ni ya sentimita tatu. Pili, tairi limekua karibu asilimia 10, na gia zako zote zimekuwa nyepesi kwa kiasi hichohicho; injini ya lita 1.3 haina nguvu ya kusamehe. Gia ya tano itageuka pambo, na kila mlima utakurudisha ya tatu. Tatu, mshale utasoma 50 nawe unakwenda 55, na mipaka ya mjini ni 50. Askari hatasikiliza hadithi ya kipenyo. Juu ya hayo yote, litakwaruza matao ya bodi ukikata kona, uanze kutafuta springi ndefu, kisha shoki ndefu, kisha mabomba marefu ya breki. Hata hiyo 215/75, kabla ya kulipa zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama inagusa.

Chagua tairi la njia zote, si la matope matupu. Tairi la matope lenye meno makubwa hujisafisha vizuri zaidi Joska, hilo ni kweli. Lakini siku nyingine zote utalisikia likivuma kwenye lami, na mvua ikinyesha Outer Ring litachelewa kusimama. Na udongo mweusi ukishashiba maji hakuna tairi la kuushinda. Mwenye busara huacha ploti ikauke, haendi popote.

Usinunue tairi zito la pikapu kwa sababu muuzaji amesema lina plai 10. Hilo limetengenezwa kubeba mizigo. Jimny ina uzito wa tani moja na kidogo. Ubavu mgumu hivyo haukunjiki chini yake, na tairi lisilokunjika halishiki mwamba wala mchanga. Utabaki na gari linalorukaruka kila tuta, na matuta ya Umoja unayajua.

Usiruhusu kijana wa petroli akujazie upepo kwa mazoea. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango. Kipimo cha Jimny kiko chini ya psi 30. Kwenye matope au mawe, teremsha hadi 18 hivi, endesha polepole, na ujaze tena kabla ya kurudi lamini. Kwa hiyo beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Haina sifa ya kupigiwa picha, lakini itakusaidia kuliko chuma chochote utakachofungiwa.

Sasa chini ya gari. Usiguse gia wala dif kabla ya kujua oili iliyomo. Fungua nati ya dif, mbele na nyuma. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo mazungumzo ya kuongeza nguvu yafungwe kwanza. Maji huingia hivi: dif imepata moto barabarani, unaitumbukiza kwenye mto, hewa ndani yake inapoa na kusinyaa, nayo dif inavuta chochote kilicho karibu kupitia sili na kipumulio. Badilisha sili. Kisha vuta kipumulio kwa bomba la mpira hadi juu, karibu na injini. Bomba hilo ni bei ya chakula cha mchana, na ndilo badiliko bora kuliko yote kwenye orodha hii.

Usichanganye oili. Dif hutaka GL-5. Gia boksi ya mkono hutaka GL-4, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya ndani. Fundi akikujibu kwamba zote ni oili, chukua ufunguo wako uende.

Kagua habu za mbele. Jimny hii hufunga habu zake kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, kupitia vijibomba vya mpira vinavyopasuka kwa uzee. Taa ya magurudumu manne ikipepesa bila kutulia, anza na vijibomba hivyo. Usikubali kuuziwa gia boksi ndogo nyingine. Vikishindikana, weka habu za kufunga kwa mkono na uzibe mabomba ya zamani barabara. Utashuka matopeni kuzizungusha, ndiyo. Utachafua viatu.

Usiweke magurudumu manne kwenye lami kavu. Gari hili halina dif ya katikati. Ekseli mbili hugombana kwenye kona, na kinachovunjika ni cha bei ghali.

Usikubali dif ichomelewe. Iwe jirani, iwe binamu, kataa. Dif iliyochomelewa hulazimisha magurudumu yote mawili yazunguke sawa kwenye kila kona, yanakwaruza lami na kupinda shafti mpaka moja ikatike. Ukitaka kufuli ya dif, nunua ya kweli, uiweke nyuma tu, na iwe baada ya matairi.

Na kama umekaidi ukavaa yale makubwa, badilisha krauni na pinioni za dif zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ziwe na uwiano mmoja. Ukibadilisha moja, siku utakayoingiza magurudumu manne ndiyo siku ya kuita kivuta-gari.

Usukani ukitetemeka baada ya kubadilisha matairi, usinunue shoki ya usukani kuficha mtetemo. Kagua beringi za kingpini na balansi.

Mwisho, tairi la akiba liwe la saizi ileile ya mengine manne. La saizi nyingine, ukilifunga nyuma, hufanya dif izunguke safari nzima bila kupumzika. Tena angalia umri wake: tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Wengi wanabeba mgongoni tairi lililokuja na gari na halijawahi kugusa ardhi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha injini, zunguka nyuma ukasome la kwako.