Tarehe si Kuhifadhi Miaka

Ilimu ya tarehe ni khabari za waliotutangulia pamoja na sababu za yaliyowapata. Lakini vijana wetu wengi katika skuli huisoma kama orodha ya miaka na majina: huihifadhi kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukisha huisahau. Kosa si la kijana, ni la mafundisho yasiyoipa akili yake kazi.

Ibn Khaldun, katika Mukaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu wanatarehe waliopokea kila khabari bila ya kuipima. Alitoa mfano wa waliosema kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa watu 600,000 au zaidi. Akauliza: jeshi kama hilo litapangwaje vitani, na upande mmoja haujui yaupatayo upande wa pili? Na vizazi vichache baina ya Yaakub na Musa vingezaaje umati huo? Hii ndiyo njia ya kusomesha: khabari iletwe, kisha iulizwe.

Na tutwae mfano wa mji wetu. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Amesema kuwa watu wake ni wa madhehebu ya Shafii, wenye dini, na misikiti yao ni ya miti, iliyojengwa kwa ustadi. Mwalimu asikome hapo. Awaulize wanafunzi: mgeni huyu alilala hapa siku ngapi? Usiku mmoja tu. Kitabu chake kilimalizwa lini? Mwaka 1355, baada ya miaka 24. Je, aliyelala usiku mmoja huona kiasi gani, na hukumbuka kiasi gani?

Kisha awaletee khabari za Wareno, waliouteka mji huu na kuuchoma moto mwaka 1505. Wao wametaja nyumba za mawe zenye ghorofa na njia nyembamba. Watu hawa walikuja kupora, hawakuja kutusifu. Basi ushahidi wao juu ya majengo una uzito, lakini udhuru wao wa kuushambulia mji wahitaji kupimwa. Je, mji ulibadilika kwa miaka 174, au Ibn Battuta alitaja misikiti tu akaziacha nyumba? Kijana akishindana na mwenziwe kwa hoja, hatausahau mwaka 1331 wala 1505.

Lililobaki ni zito zaidi. Mwenye kuwapima Wareno kwa mizani hii, naye ajipime. Tunapowasimulia vijana kwa fakhari jinsi Ngome ilivyochukuliwa kwa Wareno mwaka 1698, tuwaambie pia kwamba utumwa ulikuwako mwambao huu, majumbani na mashambani, na kwamba sheria haikuuondoa Unguja ila mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Wajukuu wa waliotumikishwa na wajukuu wa waliotumikisha hukaa darasa moja. Mwalimu akificha, yuko atakayejua kwamba amefichwa, na hatamsadiki tena hata katika yaliyo kweli. Njia ya mwongo ni fupi.

Mzazi naye asimuulize mwanawe alama tu. Amuulize: nani kaieleza khabari hii? Aliiona, au alisikia? Naye alitaka nini? Kijana ajuaye kuuliza hivyo hadanganywi upesi, si na kitabu wala na maneno ya barazani.