Mashine ya Kufulia Ikigoma, Anza na Maji

Mashine ya kufulia ikigoma, wengi wetu huilaumu mashine yenyewe na kumwita fundi. Kijitabu hiki kinashauri uanzie nje ya mashine. Kifaa hiki kilibuniwa kwa nyumba yenye bomba la msukumo mzuri na umeme uliotulia, ilhali nyumba nyingi za hapa Basotu hutegemea tenki, na tenki lina kanuni yake: kila mita 10 za kimo cha maji huleta msukumo wa bar 1. Tenki lililoinuliwa mita 3 juu ya mashine hutoa takriban bar 0.3 tu, wakati mashine nyingi huhitaji karibu bar 0.5. Mashine ya namna hiyo itanguruma ikisubiri maji hadi itoe alama ya hitilafu, na hakuna kilichoharibika ndani yake. Chomoa plagi, funga bomba, fungua mpira wa kuingizia maji, kisha fungulia bomba juu ya ndoo ya lita 20. Baadhi ya watengenezaji hutaka angalau lita 8 kwa dakika, hivyo ndoo isipojaa ndani ya dakika 2 na nusu, inua tenki kwanza. Ikijaa upesi, chungulia pale mpira unapoingia nyuma ya mashine: kuna chujio dogo la wavu. Tope la maji ya ziwani au vumbi lililoingia kwenye tenki lisilofunikwa huliziba kabisa. Lichomoe taratibu kwa koleo, lisugue kwa mswaki, lirudishe.

Maji yakiingia lakini hayatoki, tazama mlango mdogo ulio chini mbele ya mashine nyingi zinazofunguliwa mbele. Chomoa plagi, tandika kitambaa, weka beseni, legeza kifuniko cha chujio polepole; humo hukutwa vifungo, sarafu na nyuzi. Mashine ikikataa kukamua, huenda ni shuka au blanketi moja zito lililojikusanya upande mmoja. Litandaze upya, ongeza nguo nyingine, na uhakikishe miguu yote minne imekaa sawa sakafuni. Taa za nyumbani zikififia mashine inapoanza kuzunguka, tatizo huenda ni umeme ulioshuka mno chini ya volti 230 za kawaida au waya uliolegea, na hilo ni la fundi umeme.

Wapo watakaosema mwenye nyumba asiguse mashine, kwa kuwa umeme na maji havichezewi. Wana haki, ndiyo maana kila hatua ya kusafisha hapa huanza kwa kuchomoa plagi, na hakuna inayofungua mgongo wa mashine. Ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa. Wengine watasema kuna mashine zilizoharibika kweli. Zipo: harufu ya kuungua, mngurumo wa chuma wakati wa kukamua, bodi inayokupiga shoti au swichi kuu inayojizima ni dalili za kuacha kuitumia mara moja. Lakini hata hapo ukaguzi wako haujapotea. Fundi wa kutoka mjini Katesh akiambiwa kwa simu kwamba ndoo ilijaa kwa dakika 2, machujio ni safi na taa hazififii, atajua kasoro imo ndani, naye atafika na vifaa vinavyohitajika badala ya kukutoza nauli ya kuja kusafisha chujio.