Viungo Hai, Wasomaji Halisi: Somo kwa Wanablogu Wapya

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru wanaandika mtandaoni kuhusu viazi vya Molo, nyumba za wageni Naivasha au bei za soko. Kufungua blogu ni kazi ya saa moja. Kuitunza ni kazi ya kila mwezi. Somo hili linaeleza mambo mawili: kukagua viungo, yaani linki, na kusoma takwimu za wasomaji.

Kwa nini viungo hufa

Taasisi hubadilika na anwani zake hubadilika nazo. Taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo wakulima wa Njoro waliijua kama KARI iligeuka KALRO chini ya sheria ya mwaka 2013. Wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru waliwahi kulipa kiingilio kwa Safaricard; leo malipo hupitia eCitizen. Makala ya zamani isiyosahihishwa humpeleka msomaji mahali pasipo na huduma tena. Tatizo hili liko duniani kote: utafiti wa Pew Research Center ya Marekani uliotolewa 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye.

Hatari kubwa zaidi ni kiungo kinachofunguka vizuri lakini mwenyewe amebadilika. Usajili wa anwani usipolipiwa, mtu mwingine anaweza kuichukua. Mzazi anayetafuta basari hujikuta akijaza nambari ya kitambulisho kwenye ukurasa wa matapeli, naye alifika hapo kwa kumwamini mwandishi.

Hatua za kukagua

1. Mara moja kwa mwezi, mwandishi afungue kila kiungo na asome kilichopo. Chombo cha bure cha W3C Link Checker huonyesha viungo vilivyokatika, lakini hakiwezi kujua kama ukurasa umebadilisha mwenyewe.

2. Asome anwani kabla ya alama ya mkwaju (/) inayofuata jina la tovuti. Taasisi nyingi za serikali ya Kenya hutumia anwani zinazoishia go.ke, kama nakuru.go.ke. Ikiwa go.ke iko katikati na maneno mengine yanafuata kabla ya mkwaju huo, anwani hiyo si ya serikali.

3. Asinakili kiungo kilichofupishwa kutoka kikundi cha WhatsApp. Achukue anwani kwenye tovuti ya taasisi yenyewe.

4. Kiungo kilichokufa kibadilishwe au kiondolewe, na tarehe ya marekebisho iandikwe juu ya makala.

Kusoma takwimu

Mwenye kibanda Top Market hahesabu kila mpita njia kuwa mnunuzi. Vivyo hivyo, mtu mmoja akifungua kurasa tatu, hesabu ni kurasa tatu zilizotazamwa, wala si wasomaji watatu. Mwandishi anapofungua blogu yake mwenyewe, huenda naye akahesabiwa. Programu za roboti pia huingia, na kundi la ghafla kutoka nchi ya mbali lisilosoma chochote mara nyingi ni hizo. Tovuti ngeni ikionekana kwenye orodha ya mahali wageni walikotoka, isibofywe, kwa kuwa mara nyingine huwekwa kama chambo.

Wasomaji wanaotoka WhatsApp mara nyingi huonekana kama wameandika anwani wenyewe, hivyo chanzo chao hakijulikani. Idadi ya siku moja pia haina maana kubwa. Makala ya mbegu za viazi hutafutwa zaidi mvua za masika zinapokaribia, kwa hiyo mwezi wa Machi ulinganishwe na Machi uliopita, si na Julai.

Takwimu zina faida pale zinapoongoza kazi. Makala inayosomwa zaidi ndiyo ikaguliwe kwanza, kwa sababu kosa lake huwafikia wengi. Na blogu inayokusanya majina au nambari za simu ikumbuke Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mhusika aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani.

Zoezi

Chagua makala yako tatu zinazosomwa zaidi. Fungua kila kiungo, andika mwenye ukurasa ni nani leo, kisha sahihisha kabla ya kuandika makala mpya.